Safari ndefu na watoto: Gari lisikwame, dawa isiharibike

Shule zikifungwa Desemba, barabara zinazotoka Dar es Salaam hujaa magari ya familia. Kuna wanaokwenda Moshi, wanaokwenda Bukoba, wanaokwenda Mbeya na Songea. Kwenye buti kuna mabegi, zawadi za bibi na babu na maboksi ya kila aina. Kwenye siti za nyuma kuna watoto wanaouliza kila baada ya dakika kumi kama tumefika.

Zipo familia zinazoligeuza gari kuwa nyumba ya muda. Wengine hukunja siti za Noah au Hiace, wakatandika godoro na kulala humo wakiwa njiani. Wengine hukodi Land Cruiser lenye hema juu yake na kulala kwenye kambi za hifadhi. Marekani na Ulaya yapo magari yaliyojengwa tangu kiwandani yakiwa na kitanda, jiko, friji na umeme wake. Hapa kwetu mengi ni ya kujitengenezea, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini zaidi, kwa sababu hakuna kiwanda kilichomfanyia hesabu.

Watu wengi wakifikiria afya safarini hufikiria dawa ya kutapika na maji ya kunywa. Lakini kwa familia yenye mtoto wa kisukari, pumu au seli mundu, au yenye mtoto anayenyonya, ubovu wa gari na kukatika kwa umeme ni suala la afya moja kwa moja. Gari likikwama juani saa tano, insulini inapata joto. Betri ikifa usiku, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua haiwaki. Kwa hiyo makala haya yanaligusa gari na dawa kwa pamoja, kwa sababu safarini havitenganishwi.

Wiki mbili kabla, si asubuhi ya safari

Kosa la kawaida ni kulipeleka gari gereji siku moja kabla ya kuondoka. Fundi akikuta tatizo, unalazimika kuchagua kati ya kuahirisha safari na kuondoka hivyo hivyo. Wengi huondoka hivyo hivyo. Lipeleke wiki mbili kabla, kisha litumie kwenye mizunguko yako ya kawaida ili kama kuna kilichofungwa vibaya kijulikane ukiwa bado mjini.

Anza na tairi. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwishoni mwake zipo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ni muhimu hasa kwa wanaonunua tairi za mtumba, kwani tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kwa macho huku mpira wake umezeeka na kupasuka pasuka kwa ndani. Baada ya miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi lisiende safari hata kama linaonekana zima. Kina cha kashata kikiwa chini ya milimita 1.6 tairi limekwisha, na kwenye mvua huteleza hata kabla ya kufika hapo.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lililojaa. Safari ya familia ni gari lililojaa. Upepo pungufu hufanya tairi lijikunje, lipate joto na mwishowe lipasuke, na mara nyingi hupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Usisahau tairi la akiba. Wapo wanaoligundua kuwa halina upepo siku wanapolihitaji.

Breki zinahitaji macho ya fundi. Mwambie afungue tairi zote nne, aangalie pedi na diski, kisha aangalie mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyokwenda, na yakiwa na maji huchemka kirahisi. Ukiwa unateremka Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida huku mguu uko kwenye breki muda wote, joto hupanda, mafuta huchemka na breki inaweza kwenda chini bila kushika. Ndiyo maana madereva wazoefu huteremka milima kwa gia ndogo, injini ikisaidia kulizuia gari. Gari la otomatiki nalo lina nafasi za L, 2 au alama ya kupunguza gia. Jifunze kuzitumia kabla ya safari.

Kisha mfumo wa kupooza injini. Maji ya bomba peke yake kwenye rejeta huleta kutu na huchemka mapema. Tumia kulanti inayofaa gari lako. Kagua mipira ya rejeta kama imevimba au imelainika, na hakikisha feni inawaka. Kagua pia feni belti, kwani ikikatika alteneta haichaji, na kwenye magari mengi maji hayazunguki.

Mwisho, vioo, waipa, taa na honi. Desemba ni mwezi wa mvua katika mikoa mingi, na waipa iliyokauka ni hatari kama breki mbovu.

Mzigo nao ni ugonjwa wa gari

Kila gari lina uzito wake wa mwisho. Ukiweka watu saba, mabegi kumi, mtungi wa gesi na gunia la mchele juu ya keria, tairi zinaelemewa, shokapu zinalala na gari linachelewa kusimama. Vitu vizito viwekwe chini na karibu na katikati ya gari. Juu ya keria viwekwe vyepesi, kwa sababu uzito wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona na upepo.

Ndani ya gari pasiwe na kitu kigumu kisichofungwa. Jeki, mtungi wa gesi, hata deli la vinywaji, gari likigonga vinaruka mbele kwa kasi ile ile gari lililokuwa nayo, na vikimkuta mtoto vinaumiza vibaya.

Watoto nao wafungwe. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29 duniani. Kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa vizuri hupunguza sana vifo vya watoto wadogo katika ajali. Kumpakata mtoto hakumlindi, kwani gari likigonga mikono ya mzazi haiwezi kumshika hata kama ana nguvu kiasi gani. Na godoro la nyuma, ambalo watoto wengi hulipenda, ni la kulalia gari likiwa limesimama tu. Gari likiwa linatembea, kila mmoja akae kwenye siti na mkanda wake.

Umeme: fanya hesabu kabla hujachomeka

Sasa tuje kwenye jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa kubahatisha. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa kazi moja kubwa, kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kupiga stata. Haikutengenezwa kuendesha friji usiku kucha. Ukiinyonya hadi chini mara kadhaa, inakufa hata kama ni mpya.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano iliyolala kambini, gari likiwa limezimwa. Wana friji dogo la gari la volti 12 linalokula takriban wati 45 likiwa linafanya kazi. Kwa kuwa huwaka na kuzima, tuseme linafanya kazi nusu ya muda. Kwa saa kumi za usiku linakula kama wati-saa 225. Simu nne zikichajiwa ni kama wati-saa 60. Taa ya wati tano kwa saa tano ni wati-saa 25. Jumla ni 310.

Betri ya gari ya ampia-saa 60 ina wati-saa 720 ikiwa mpya na imejaa, lakini haifai kushushwa chini ya nusu, yaani 360. Kwa hiyo kwenye karatasi familia hii imelala salama. Kwenye hali halisi, kama betri ina miaka mitatu na joto la Dar limeshaila, asubuhi gari litasema kek-kek-kek na kunyamaza. Mpo kambini, dawa iko kwenye friji na hakuna gari la jirani wa kukubusti.

Zipo njia tatu za kuepuka hili, kuanzia ya bei ndogo.

Ya kwanza ni kupunguza mahitaji. Chaji simu, pawabenki na taa zote mchana gari likiwa linatembea, kwani wakati huo alteneta ndiyo inayotoa umeme. Usiku tumia pawabenki na usiguse betri ya gari kabisa. Dawa iweke kwenye deli zuri lenye vifuko vya barafu badala ya friji. Kwa familia nyingi zinazolala njiani usiku mmoja au miwili, hii inatosha.

Ya pili ni betri ya pili. Fundi umeme wa magari anaweza kufunga betri ya ziada yenye swichi ya kuitenganisha na betri ya gari, ili friji na taa zile betri hiyo tu huku ya kuwashia gari ikibaki imejaa. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 iliyotengenezwa kwa matumizi ya muda mrefu, kama zile za sola, inakupa takriban wati-saa 600 za kutumia bila kuiumiza. Ya lithiamu yenye ukubwa huo inakupa kama 950 na ni nyepesi zaidi, ila bei yake ni kubwa na inahitaji chaja inayoendana nayo.

Ya tatu ni sola. Paneli ya wati 100 juu ya gari, kwenye jua zuri la saa tano kwa siku, inaweza kurudisha wati-saa 350 hadi 400 baada ya kutoa upotevu. Ukilinganisha na familia yetu ya mfano, inarudisha matumizi ya usiku mmoja, lakini friji nalo linaendelea kula mchana. Siku ya mawingu hairudishi hata nusu. Kwa hiyo sola ni msaidizi, isiwe tegemeo pekee la dawa ya mtoto.

Soketi ya kuwashia sigara kwenye dashibodi nayo ina kikomo. Magari mengi huipa fyuzi ya ampia 10 hadi 15, yaani wati 120 hadi 180. Inatosha simu na friji dogo. Haitoshi pasi wala birika la umeme, ambalo hula wati 1,500 au zaidi. Wapo wanaobadilisha fyuzi kuweka kubwa ili isikatike. Usithubutu, wala usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikikatika inakwambia waya umeelemewa. Ukiizuia isikatike, waya wenyewe ndio unaoungua, na unaungua chini ya kapeti ambako watoto wameweka miguu.

Kifaa cha kupimia umeme kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na ni rahisi kutumia. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukiwasha gari, isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu injini ikiwa inaunguruma, alteneta haichaji, na safari isubiri. Magari mapya kidogo yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta huweza kutoa namba tofauti, hivyo muulize fundi.

Dawa, maziwa na mashine ya mtoto

Kwa mtoto anayetumia insulini, chupa au kalamu ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyofunguliwa nyingi zinavumilia joto la kawaida, lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina, kwa takriban wiki nne. Soma karatasi yake. Maana yake ni kwamba kwa safari ya siku mbili huhitaji friji kwa ajili ya kalamu anayoitumia sasa. Unahitaji kuikinga na joto. Isikae kwenye dashibodi, isikae kwenye buti, wala kwenye mfuko wa mlango unaopigwa na jua.

Hatari nyingine ni baridi kupita kiasi. Insulini ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka tena bado imeharibika hata kama inaonekana safi. Usiigusishe na barafu. Ifunge kwenye taulo, weka kipimajoto kidogo ndani ya deli na ukiangalie kila mnaposimama. Gawa akiba sehemu mbili, ili deli moja likipata hitilafu lingine libaki.

Ukiishiwa barafu mahali pasipo umeme, ipo njia ya zamani inayofanya kazi. Chukua chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, ulowanishe maji na ufunike kwa kitambaa kibichi kivulini penye upepo. Maji yakikauka polepole hupunguza joto ndani. Hufanya vizuri zaidi maeneo makavu kama Dodoma na Singida kuliko ukanda wa pwani wenye unyevu. Haifikishi nyuzi 8, lakini inaweza kuiokoa dawa isichemke.

Mtoto huyo huyo anaweza kushuka sukari ikiwa gari limekwama na chakula kimechelewa. Juisi, glukosi na biskuti viwe mbele mkononi, si chini ya mabegi. Kipima sukari nacho kisiachwe kwenye joto, kwani vingi havisomi sawasawa vikizidi nyuzi 40.

Kwa mtoto mwenye pumu, usitegemee nebulaiza peke yake. Nyingi hula wati 60 hadi 150. Kwa dakika kumi huo ni umeme kidogo sana, lakini unahitaji inverta inayohimili, na inverta nazo hufa. Inhela ya bluu ikitumiwa na spesa hufanya kazi nzuri kwa mashambulizi mengi na haihitaji umeme hata kidogo. Kama huna spesa, hata chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kutengenezwa ikatumika. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe kabla ya safari, na akuandikie hatua za kufuata mtoto akibanwa. Kopo la inhela lisiachwe kwenye gari lililofungwa juani, kwani likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka.

Mtoto mwenye seli mundu anaumizwa na vitu viwili ambavyo gari bovu huvileta kirahisi, ukosefu wa maji na baridi. Mkikwama Chalinze mchana anakauka. Mkikwama Makambako usiku anatetemeka. Beba maji ya kunywa zaidi ya mnayodhani mtatumia, blanketi na sweta vilivyo karibu, dawa zake za kila siku na za maumivu, na kadi yake ya kliniki.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, na hadi saa 24 kwenye deli lenye vifuko vya barafu vilivyoganda. Ndani ya gari la Desemba nyuzi 25 ni nadra, hivyo lililo rahisi na salama ni kusimama na kunyonyesha. Maziwa ya kopo yachanganywe yanapohitajika, na yakishachanganywa yasizidi saa mbili.

Kulala ndani ya gari

Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye ekzosi, jenereta, jiko la mkaa na jiko la gesi lisiloungua vizuri. Mtu aliyelala haamki kwa sababu yake. Watoto na wajawazito huathirika haraka zaidi.

Kwa hiyo usilale na injini ikiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari au hema kwa ajili ya baridi, hata kama makaa yamebaki mekundu bila moshi, kwani makaa ya aina hiyo ndiyo yanayoua. Jenereta likae angalau mita sita kutoka mlipolala, ekzosi ikielekea upande mwingine na upepo usiirudishe kwenu. Mtungi wa gesi usafirishwe umesimama, umefungwa, regyuleta imetolewa, na upikaji ufanyike nje.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu wawili au watatu wakizipata kwa pamoja ndani ya gari moja, msidhani ni chakula. Tokeni nje kwenye hewa mara moja, zimeni chanzo na nendeni hospitali hata mkijisikia nafuu.

Acha madirisha wazi kidogo pande mbili ili hewa ipite, na uyafunike kwa neti. Malaria haina likizo. Vipande vya neti vyenye sumaku au vilivyoshonwa kwa lastiki vinatosha.

Mchana kuna hatari nyingine. Gari lililofungwa juani hupanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika kumi tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Usimwache mtoto ndani hata kama unakimbilia chips mara moja, hata kama amelala, hata kama umeacha kioo wazi kidogo.

Gari likichemsha au likizima

Mshale wa joto ukipanda mlimani, zima kiyoyozi, washa hita hata kama mtatokwa jasho, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Hita hutoa sehemu ya joto la injini. Mkishasimama, zima injini na usiguse mfuniko wa rejeta kwa angalau nusu saa. Maji ya humo yana presha na hurukia usoni na kifuani. Akiungua mtu, mwageni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, asali na mafuta viacheni jikoni. Hii ni sababu nyingine ya kubeba madumu ya maji.

Mkikwama barabarani, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha, na washushe watoto kwa mlango wa kushoto, mbali na magari yanayopita. Wakae mbali na barabara, nyuma ya kingo kama zipo. Isipokuwa sehemu moja: kwenye kipande cha barabara kuu kinachopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, chenye takriban kilomita 50, watoto wabaki ndani ya gari. Tembo na nyati hawajui kama mmekwama. Piga simu ya msaada mkiwa ndani. Namba ya dharura ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kabla ya kuondoka, mtafute fundi mmoja unayemwamini ambaye anaweza kukusikiliza kwa simu, na uandike kwenye karatasi namba zake pamoja na hospitali kubwa za njiani. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Ratiba ya gari na ya dereva

Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kuna wanaojivunia kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Kwa familia yenye watoto, igawanye. Simameni kila baada ya saa mbili, dereva ajinyooshe, watoto waende chooni, na mmoja wenu azunguke gari akiangalia tairi, akitazama chini kama kuna kinachovuja na kusikiliza harufu ya kitu kinachoungua. Dakika kumi zinatosha. Usiku mlale. Dereva mwenye usingizi ni kama dereva mlevi, na kahawa haimwondolei usingizi, inamchelewesha kuuona tu.

Mafuta yajazwe tangi likifika nusu, si taa ikiwaka.

Ya kubeba

Bandika orodha hii kwenye mlango wa friji la nyumbani wiki ya kuondoka:

- Tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya tairi, pembetatu mbili, kizima moto na waya za kubusti.
- Lita moja ya oili, kulanti, madumu mawili ya maji, fyuzi za akiba za ukubwa sahihi, tochi na gundi ya waya.
- Pawabenki mbili zilizojaa, chaja ya gari na nyaya zake.
- Deli la dawa lenye kipimajoto, tofauti na deli la vinywaji. Deli linalofunguliwa kila mara na watoto halibaki na baridi.
- Dawa za siku tatu zaidi ya siku za safari, inhela na spesa, ORS, glukosi na sanduku la huduma ya kwanza.
- Blanketi, neti, sweta na kadi za kliniki na bima.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo halina gharama. Wikiendi moja kabla ya safari, lala na gari lako nyumbani. Pakia kila kitu, washa friji au jaza deli kama mtakavyofanya njiani, zima injini saa moja usiku na usiguse kitu. Asubuhi soma kipimajoto cha dawa, pima betri, kisha piga stata. Kama dawa imebaki kati ya nyuzi 2 na 8 na gari limewaka mara moja, mko tayari. Kama halikuwaka, mko nyumbani kwenu, jirani ana gari, na fundi anafungua saa mbili.